Kabla ya kuchagua aloi ya nikeli, ifahamu kwanza asidi yako

Ndugu mhandisi unayeanza kazi, aloi za nikeli hazipangwi kwenye ngazi moja kutoka iliyo dhaifu hadi iliyo imara, ingawa bei zake huwafanya wengi waamini hivyo. Kabla hujafungua katalogi, chunguza kama kimiminika kitakachopita kwenye bomba kina vioksidishaji, yaani vitu vinavyoinyang'anya metali elektroni, kwa mfano oksijeni iliyoyeyuka, asidi ya nitriki au ioni za feriki (chuma kilichoyeyuka kikiwa na chaji chanya tatu), kwa kuwa jibu la swali hilo huondoa sehemu kubwa ya orodha.

Aloi ya B-3, yenye molibdenamu inayokaribia asilimia 28 na kromi kidogo sana, huistahimili asidi safi ya haidrokloriki hata inapochemka, lakini ioni za feriki zikiingia, japo kidogo, hulika upesi. Kromi ndiyo inayojenga utando mwembamba wa oksidi unaoikinga metali, na utando huo hudumu penye vioksidishaji; vikikosekana, kazi kubwa hufanywa na molibdenamu. Aloi ya C-276 ina zote mbili, kila moja takriban asilimia 16, ndiyo maana hupelekwa mahali ambapo hali ya asidi hubadilikabadilika. Monel 400, iliyo nikeli na shaba, inafaa kwa maji ya bahari yanayotiririka. Usithubutu kuitumia kwenye asidi ya nitriki.

Chukua viwanda vya shaba na kobalti vya Kolwezi na Likasi, nchini Kongo (DRC), ambako mawe ya madini husagwa kisha huchanganywa na asidi ya salfuriki ili shaba iyeyuke. Mchanganyiko huo hubeba ioni za feriki na za shaba, ambazo ni vioksidishaji. Monel ingeliwa humo, ilhali chuma cha pua cha daraja la 316L, kilicho nafuu zaidi, mara nyingi hudumu kwa sababu ioni zilezile huuimarisha utando wake. Hesabu hiyo huvurugika kloridi au joto likizidi, na hapo ndipo aloi ya nikeli ya 825, au hata ya 625, inapostahili fedha zake. Kwa hiyo idai maabara vipimo vya kloridi, vya feriki na vya joto la juu kabisa, na uulize pia mitambo husafishwa kwa asidi gani, jambo ambalo aghalabu husahaulika.

Aloi nzuri huweza kuharibiwa karakanani. Mchomeleaji akiacha grisi au mafuta ya kukatia kwenye ukingo wa kiungo, salfa iliyomo huungana na nikeli na kufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 640 hivi za Selisiasi, wakati nikeli yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Mchanganyiko huo hupenya kati ya chembe za metali, na kiungo hupasuka. Mimi huagiza kila upande wa kiungo usuguliwe hadi ung'ae, kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kisha ufutwe kwa asetoni na kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi, kazi hiyo hurudiwa kabla moto haujawashwa.