Koti Lililogawa Baraza: Kwa Mafundi Wanaoanza

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, huja vijana wawili watatu dukani kwangu hapa Malindi kuomba kufundishwa ushonaji. Zamani walitaka kujua kukata kanzu na sare za shule, wapate riziki. Siku hizi kijana huja na simu mkononi, akakuonyesha picha ya mwanamume aliyevaa koti lenye mabega kama mabawa na suruali inayokokota chini, akasema, "Fundi, mimi nataka kushona hivi." Simkatazi. Nguo za namna hiyo nimezishona, nazipenda, na nimeona zinavyowagawa watu hata ndugu wa nyumba moja. Nyinyi mnaoingia sasa mtakutana na mgawanyiko huo mapema kuliko mnavyodhani, kwa hiyo bora niwaambie nilivyojifunza kuusikiliza.

Bwana harusi mmoja, kijana wa mjini hapa aliyekuwa akisoma Nairobi, alitaka kuvaa kanzu nyeupe ya kawaida, lakini juu yake, mahali pa joho, avae koti la kikoi. Kikoi cha kijani na rangi ya chungwa. Matamvua yasikatwe, yaning'inie nyuma chini ya kiuno. Na bega la kushoto liinuke kuliko la kulia, kama alivyoona kwenye picha. Nilikubali yote siku ile ile, nikachukua mkasi na kukata moja kwa moja kwenye kikoi chake, bila kujaribu kwanza kwenye kitambaa rahisi.

Siku ya nikahi, aliponyoosha mkono kushikana na walii wa bibi harusi, koti lote lilipanda upande wa kushoto na kola ikamkaba. Akalivuta chini kwa mkono wa pili. Aliposimama akalivuta tena. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu, naona.

Wiki nzima iliyofuata mji ulikuwa na pande mbili. Wazee wa barazani walisema kijana amevaa mapazia. Rafiki zake walipiga picha wakazisambaza, kila mmoja akauliza koti limeshonwa wapi. Moyoni nilijiunga na vijana. Niliwaambia wanafunzi wangu kuwa wazee hawajui fasheni, na nikaamini hivyo, mpaka nyanya yake bwana harusi aliponitumia mtu niende kwake.

Mama yule ameshona kofia za vito tangu utotoni. Mnajua kofia hizo: vitobo mamia kwa mamia, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono, kofia moja ikachukua miezi. Jicho la mtu kama huyo huona kitobo kimoja kilichompita mwenziwe kwa upana wa uzi. Hakunigombeza. Alilitandika koti juu ya mkeka, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega hadi kwapani, akasimama pale. Akaniambia, "Mwanangu, rangi tutaizoea. Watu wanagombania hapa, na wenyewe hawajui."

Alikuwa amesema kweli. Nililiinua bega bila kuongeza nguo kwenye shimo la mkono. Koti halikuwa na mahali pa kwenda ila juu. Kila aliyemwona kijana msikitini aliona mtu asiyestarehe ndani ya nguo yake, na kwa kuwa si fundi, hakuweza kusema "shimo la mkono limebana". Alisema alichokiona waziwazi: kijani, chungwa, matamvua. Na waliolipenda walilipenda kwenye picha, ambamo kijana amesimama wima na mikono imetulia.

Tangu siku hiyo, nikisikia watu wamegawanyika juu ya nguo niliyoshona, siulizi wangapi wameipenda. Nauliza wamegombania wapi: begani, kwenye upindo, kwenye rangi, au mahali ilipovaliwa. Naigeuza ndani nje kabla sijajibu neno la mtu. Mara nyingi kosa nalikuta kwenye mshono, nalo ni langu.

Si kila mara, lakini. Kuna ubishi ambao mshono hauna hatia, na lazima mjue kuupambanua.

Tazameni Thom Browne, mbunifu wa mavazi wa New York. Alianza mwaka 2001 na suti tano tu, za kushonewa kwa miadi. Koti fupi la kubana, suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu, kifundo chenyewe kiko wazi. Kwa waliozoea suruali ya suti ilalie kiatu, ilikuwa kama mtu mzima amevaa nguo za mdogo wake. Mwaka 2006 chama cha wabunifu wa mavazi cha Marekani kilimtuza kuwa mbunifu bora wa nguo za kiume, na bado wengine waliendelea kuguna. Mwaka 2018 mchezaji LeBron James alifika kwenye fainali za mpira wa kikapu za Marekani na suti ya Browne yenye kaptura badala ya suruali, na nakumbuka vijana wa hapa dukani walivyobishana siku nzima, cherehani zimelala.

Sasa simameni nje ya msikiti wowote hapa Malindi Ijumaa baada ya sala. Hesabuni vijana ambao suruali zao zimeishia juu ya vifundo. Hao hawakumfuata mbunifu yeyote. Wanafuata sunna, na mimi huwakatia upindo huo kila wiki. Urefu ni ule ule. Kule ulionekana kituko, hapa ni uchaji Mungu. Jean Paul Gaultier, mbunifu wa Ufaransa, naye alipowavisha wanaume sketi mwaka 1985 palikuwa na zogo huko Ulaya, na mwaka 2003 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilifanya maonyesho mazima kuhusu wanaume na sketi. Babu yangu alimaliza umri wake na kikoi kiunoni, jioni barazani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Lakini msije mkadhani kwamba kwa kuwa kikoi kinapita, sketi nayo itapita. Hapo wengi wanaoanza huteleza. Kikoi hufungwa kwa mkono, hukunjwa, hufunguka, na kila mtu anajua kinavyofungwa na mwanamume. Ukikitia mkanda wa kushonwa kiunoni na marinda, umeshakitoa katika ukoo wake. Watu watasema umemvika mwanamume nguo ya kike, na hilo kwetu si neno dogo. Lina uzito wa dini. Kitambaa hakikubadilika hata uzi mmoja. Kilichobadilika ni mshono wa kiunoni, na ni wewe uliyeushona.

Kwa hiyo mapingamizi hayalingani uzito. Mteja akileta hariri safi ya kanzu ya harusi, hapo hamjadili mtindo. Hariri na dhahabu kwa mwanamume Mwislamu ni suala la haramu, na fundi anayeshona bila kuuliza amemwingiza mteja wake aibuni mbele ya watu. Mwulizeni kwa adabu, faraghani, kisha mwonyesheni pamba nzuri au kitani chenye mng'ao. Pia kuna jambo la heshima ya mahali: shati lenye maua makubwa kifuani hakuna atakayelisemea ufukweni, ila matangani litaonekana matusi. Mteja akikuagiza nguo ya kushangaza, mwulize ataivaa wapi na nani atakuwepo. Swali hilo moja limeniokoa mara nyingi kuliko ustadi wa mkasi.

Kinachobaki ni mazoea ya jicho, na hapo ndipo fundi ana haki ya kusimama na kazi yake. Wapo wazee ninaowaheshimu sana wanaosema mwanamume wa pwani tangu jadi ni nyeupe tu, kanzu na kofia, basi. Mimi pia naipenda nyeupe. Lakini Wareno waliokuja na Vasco da Gama mwezi wa Aprili 1498 waliandika walivyomkuta mfalme wa Malindi: vazi la kitambaa cha damaski lenye satini ya kijani, kilemba cha thamani kichwani, viti vya shaba vyenye mito, na juu yake mwavuli wa satini nyekundu. Kijani na nyekundu, mchana kweupe, ufukoni petu hapa. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kama niliyepata barua ya babu. Msiwarushie wazee maneno haya kama jiwe, hata hivyo. Mzee hasadiki rangi kwa kushindwa kwenye ubishi. Husadiki akiiona mara ya nne na ya tano, juu ya mtu anayejiheshimu.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujafikiria bega la ajabu, shona mabega ya kawaida mpaka mkono uyajue gizani. Alexander McQueen, mbunifu wa Uingereza ambaye nguo zake zilitisha watu kwa miaka, aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 akaenda Savile Row, mtaa wa mafundi wa suti London, kwa mafundi wa Anderson & Sheppard, akajifunza kukata koti la heshima kabisa. Mbunifu Yohji Yamamoto wa Japani alisomea sheria, kisha akarudi kufanya kazi katika duka la mama yake aliyekuwa mshonaji. Nguo zao mkizitazama kwa haraka mtaona fujo. Mkizitazama kwa jicho la fundi mtaona mtu anayejua uzi wa kitambaa unaelekea wapi.

Jaribio lishoneni kwa marekani, ile pamba ghafi isiyo na rangi. Lipigieni bandi tu, mishono mirefu ya kufumuka, kisha mvisheni mteja. Wengi humsimamisha mteja mbele ya kioo wakamwambia "umependeza". Mimi namwambia ainue mikono. Akae kwenye kigoda. Apande tuktuk, ipo hapo nje. Akiwa mtu wa kusali, namwambia ainame rukuu na asujudu, kwa sababu koti fupi linaloonekana maridadi kwenye kioo linaweza kumwacha mgongo wazi mbele ya safu ya nyuma, na hapo hatalivaa tena wala hatakuambia kwa nini. Na wakati wote huo tazameni mikono yake. Mtu anayevuta upindo, anayerekebisha kola, anayeficha kiganja ndani ya mkono wa koti, amekwisha kukupa maoni yake hata kama mdomo unasifu.

Ajabu iwe moja katika nguo moja. Kama ni bega, rangi itulie. Kama ni rangi, mkato uwe wa kawaida. Najua mtaniona mwoga. Mimi naona kwamba macho ya watu yakipata pa kutulia, huweza kuliangalia lile moja kwa subira. Yakikosa pa kutulia, hukataa yote kwa pamoja. Koti la yule bwana harusi lilikuwa na ajabu tatu, na moja kati yake ilishonwa vibaya.

Fedha: nguo ya namna hii ikikataliwa huwezi kuitundika mlangoni ukamuuzia mwingine. Kitambaa anunue mwenyewe, arubuni isipungue nusu ya ufundi. Na kama anayelipa ni mama na anayevaa ni mwana, wote wawili wafike siku ya jaribio. Msikubali kuambiwa "mama hana neno". Mama akutane na marekani kabla hajakutana na nguo.

Wageni wa hotelini watawasifu sana. Malindi ina Waitaliano wengi, nao wana jicho la nguo, wengine nimejifunza kwao kuweka bitana isiyovuta. Lakini mgeni wa wiki mbili atavaa suruali ya kikoi yenye miguu ya rangi mbalimbali akitembea ufukweni, kisha ataondoka. Haingii nayo msikitini wala haendi nayo kuposa. Sifa yake ipokeeni kwa shukrani, msiitumie kupimia nguo ya mtu atakayeishi nayo hapa. Vivyo hivyo sifa za kwenye simu. Mimi namhesabu anayerudi kushona ya pili.

Lile koti nililichukua kwa nyanya siku ile ile. Nililifumua bega lote, nikapanua shimo la mkono, nikaweka kipande cha vidole viwili chini ya kwapa na bitana mpya ya pamba, bila malipo. Matamvua niliyaacha. Idi iliyofuata kijana alilivaa, na niliketi barazani kumtazama akipeana mikono na watu, mmoja baada ya mwingine, njia nzima. Hakulivuta.

Mzee mmoja aliyeketi karibu nami aliniambia kijani kile bado hakipendi. Kijana alipofika kumpa mkono wa Idi, mzee hakumwachia. Alimvuta karibu, akamgeuza upindo wa koti, akawa anautazama mshono wa ndani.