Maswali ya wasomaji: Faili lilikuwepo jana, leo halionekani

SWALI: Tuko watu kumi na wawili, sote tunatumia folda moja ya pamoja kwenye seva ya Windows. Mara mbili mwezi huu folda nzima ya mikataba imetoweka na kila mtu anaapa hajaifuta. Pipa la taka kwenye kompyuta zote ni tupu. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni kwa kuaminiana. Folda nzima ikitoweka, mara nyingi haijafutwa, imeburutwa. Mtu aliibofya ili aifungue, kidole kikachelewa kuachia kipanya, mkono ukateleza, folda ikaangukia ndani ya jirani yake. Kwa kuwa ni diski ileile, hata folda ya gigabaiti 50 huhama papo hapo: data haisogei, hubadilika anwani tu. Aliyeihamisha hana habari, ndiyo maana anaapa kwa moyo mweupe.

Waambie wenzako wasitengeneze folda mpya yenye jina lilelile, la sivyo mtabaki na mbili zisizolingana. Kisha kaa kwenye seva yenyewe kwa akaunti ya msimamizi, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika:

dir D:\Ofisi\*mikataba* /s /b /a

(Weka njia ya folda yenu badala ya D:\Ofisi.) Hiyo /s hupekua folda zote za ndani, /a huonyesha hata zilizofichwa, na /b hutoa anwani kamili peke yake. Kisanduku cha kutafutia kwenye kompyuta ya mtumiaji usikitegemee, kwani hakionyeshi asichoruhusiwa kukiona.

Kama jina nalo limebadilishwa, tazama tarehe. Folda iliyohama hubaki na tarehe yake ya zamani, lakini folda ilimotoka na folda ilimoingia zote hupata saa ya tukio. Ukikuta D:\Ofisi na D:\Ofisi\Uhasibu zote zinaonyesha 10:12, ingia Uhasibu moja kwa moja. Wahi, maana mtu akiongeza kitu kingine humo, saa hiyo inabadilika.

Usipoipata kabisa, basi imefutwa kweli. Kinachofutwa kupitia mtandao hakipiti kwenye pipa la taka, si la mtumiaji wala la seva. Bofya kulia folda iliyo juu yake, chagua Properties, halafu Previous Versions. Ukurasa huo huwa na kitu iwapo tu nakala za kivuli (picha za hali ya mafaili ambazo seva hujiwekea yenyewe) ziliwashwa kabla ya ajali. Zikiwashwa kwa ratiba ya kawaida, seva hupiga picha saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na hutunza zisizozidi 64. Fungua nakala, chukua folda uliyopoteza, inakili. Tafadhali usibonyeze Restore kwa folda yote ya juu: itaandika matoleo ya zamani juu ya kazi ambayo wenzako wameifanya leo. Wala msizihesabu nakala hizi kuwa bekapu. Kwa kawaida hukaa kwenye diski ileile, nayo ikifa zinakufa pamoja.

Mkitaka kujua nani, washeni ukaguzi wa mafaili kwenye seva na kwenye folda yenyewe. Hauangalii nyuma, huanza siku mliyouwasha. Kwenye kumbukumbu za usalama za seva (Security log), tukio namba 4660 huthibitisha kufutwa lakini halitaji jina la faili. Jina liko kwenye 4663, na mnayaunganisha kwa namba ya Handle ID, ambayo huwa ileile kwenye matukio yote mawili. Ongezeni pia ukubwa wa kumbukumbu hizo, zisije zikajaa na kufuta za mwanzo.

Ila dawa yenyewe ni ruhusa. Wafanyakazi wapewe Modify (kusoma, kuandika na kufuta), si Full control (mamlaka yote, hata ya kubadilisha ruhusa), na kwenye folda kuu kama Mikataba ondoeni haki ya Delete kwa folda hiyo peke yake. Ndani watafanya kazi kama kawaida, lakini folda haitaburutika tena.

SWALI: Mwenzangu analiona faili, mimi silioni, na folda ni ileile.

JIBU: Huenda faili lilihamishwa kutoka folda nyingine. Likihamishwa ndani ya diski moja, mara nyingi huja na ruhusa zake za zamani. Likinakiliwa, huchukua za folda mpya. Seva nayo inaweza kuwa imepangwa kuficha usichoruhusiwa kusoma. Mwambie mwenzako anakili faili hilo humo humo, ahakikishe unaiona nakala, ndipo afute la awali.

SWALI: Nilikuwa nahifadhi jedwali la Excel, mtandao ukakatika. Faili halipo, ila kuna kitu kinaitwa 7A3E5100.

JIBU: Usikifute! Huenda ndilo jedwali lako. Excel huandika kazi upya kwenye faili la muda lenye jina la herufi nane, huondoa la zamani, kisha hulipa jipya jina lake. Mtandao ukikatika katikati, hatua ya mwisho haifanyiki. Linakili, ongeza .xlsx mwishoni mwa jina la nakala, fungua. Likiwa na baiti 0 au likigoma, rudi kwenye Previous Versions. Ikijirudia, kagua kebo ya kompyuta hiyo, halafu programu ya kuzuia virusi, ambayo wakati mwingine hulishikilia faili la muda sekunde ileile Excel inapotaka kulibadilisha jina.