Diski ya seva imejaa faili za pg_wal: je, nizifute?

SWALI: Ninasimamia seva ya kanzidata ya chama cha ushirika hapa Mtwara mjini, PostgreSQL 14 juu ya Ubuntu. Ndiyo inayopokea uzito wa korosho kutoka maghalani na kutunza hesabu za malipo ya wakulima. Kizigeu cha data kina GB 220. Kanzidata yenyewe ni GB 38, lakini folda ya pg_wal, yenye kumbukumbu za mabadiliko ya kanzidata (WAL), imefika GB 140 na zimebaki GB 4 tu. Nimefuta rekodi za misimu ya nyuma kwa DELETE; badala ya nafasi kuongezeka, imepungua. Seva ya akiba iliyoko Masasi ilizimika wiki tatu zilizopita, umeme uliunguza pawasapulai yake. Mwenzangu ananishauri nifute faili za zamani za pg_wal. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, usiguse hata faili moja kwa rm, amri ya kufuta. Folda ile ni kama daftari la karani wa ghala: kila gunia likipimwa huandikwa pale kwanza, ndipo baadaye hesabu ihamishiwe kwenye leja. Umeme ukikatika, PostgreSQL hulisoma daftari hilo ili kukamilisha yale ambayo hayajafika kwenye leja. Ukichana kurasa zinazohitajika, seva haitawaka, na utalazimika kutumia pg_resetwal, ambayo huiwasha kwa kuzitupa kurasa hizo. Hapo huna tena uhakika kama malipo ya mkulima yameingia mara moja, mara mbili au hayakuingia kabisa.

DELETE ilipunguza nafasi kwa sababu kufuta nako ni badiliko linaloandikwa kwenye pg_wal. Rekodi zilizofutwa huacha matundu ndani ya jedwali. Matundu hayo hutumika tena baadaye lakini hayarudi kwenye diski. Na usikimbilie VACUUM FULL sasa: hunakili jedwali zima upya, hulifunga kwa kila mtumiaji, na GB 4 hazitoshi.

Chanzo karibu hakika ni Masasi. Seva ya akiba ikiunganishwa kwa sloti (replication slot, alama ya mahali seva ya akiba ilipofikia kusoma), seva kuu huahidi kutotupa faili yoyote ambayo mwenzake hajaisoma, na hutimiza ahadi hiyo hata mwenzake akilala mwezi mzima. Hakikisha hivi:

SELECT slot_name, active, pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) FROM pg_replication_slots;

Ukiona sloti yenye active = f (yaani haitumiki) na karibu GB 140, umempata mhusika. Angalia pia failed_count na last_failed_time kwenye pg_stat_archiver. Kama unahifadhi faili za WAL kwenye diski ya nje na amri ya kunakili inashindwa, nazo hurundikana vilevile, na kuondoa sloti peke yake hakutasaidia.

Sasa fanya haraka. GB 140 kwa siku 21 ni karibu GB 6.7 kwa siku, kwa hiyo GB 4 hazifiki hata siku moja, na siku ya mnada huwa mbaya zaidi. Kama pawasapulai ya Masasi haiwezi kubadilishwa leo, ondoa sloti:

SELECT pg_drop_replication_slot('masasi');
CHECKPOINT;

Weka jina halisi la sloti yako. Baada ya CHECKPOINT, amri ya kuhamishia mabadiliko yote kwenye leja, PostgreSQL yenyewe itafuta faili zisizohitajika.

Ikiwa diski itajaa kabla hujafika hapo, seva itajizima. Usihangaike. Hamisha kwanza nakala za kanzidata (pg_dump) zilizolala kwenye kizigeu hicho. Kama hakuna cha kuhamisha na mfumo wa faili ni ext4, asilimia 5 huwa imetengwa kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Kwako ni GB 11. Amri ya tune2fs -m 1 /dev/sdb1 (weka jina la kizigeu chako) hukurudishia karibu GB 9, zinazotosha kuwasha seva na kuondoa sloti.

Kisha weka kikomo cha faili zinazotunzwa kwa ajili ya sloti, ambacho kipo tangu toleo la 13 lakini kwa kawaida huja kikiwa hakijawashwa:

ALTER SYSTEM SET max_slot_wal_keep_size = '40GB';
SELECT pg_reload_conf();

Kwa kasi yenu hiyo ni takriban siku sita za Masasi kuwa gizani. Zikipita, sloti itakatwa na seva kuu itaendelea kupumua. Naona huo ndio uamuzi sahihi: seva ya akiba hujengwa upya, mizani ya msimu haisubiri.

Sloti ikishaondolewa, Masasi haiwezi kuendelea ilipoishia; kuijenga upya kunahitaji pg_basebackup, amri inayonakili kanzidata nzima. Kwa laini ya Mbps 8, GB 38 zitachukua kama saa 11, na laini ikikatika katikati unaanza upya. Ningechukua nakala kwenye diski ya nje hapo Mtwara na kuituma kwa basi:

pg_basebackup -D /mnt/nje/masasi -Ft -z -X stream -C -S masasi -R -P

Herufi -C na -S huunda sloti mpya, hivyo mabadiliko yote ya muda diski iko njiani yanatunzwa. Masasi lazima iwe na toleo 14 vilevile. Fungua base.tar.gz ndani ya folda ya data iliyo tupu, na pg_wal.tar.gz ndani ya pg_wal yake. Hatua hii ya pili wengi huisahau, na seva hugoma kuwaka. Mmiliki awe postgres, ruhusa 0700. Mwisho fungua postgresql.auto.conf: kwa kuwa nakala ilichukuliwa palepale kwenye seva kuu, primary_conninfo haitakuwa na anwani ya Mtwara. Iandike kwa mkono kabla ya kuwasha.

Masasi ikishasimama, iwekee UPS, betri ya kuilinda umeme unapoyumba, na kwenye seva kuu weka kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) ya kila dakika 10 inayosoma wal_status kutoka pg_replication_slots na kukutumia ujumbe ikiwa sloti haiko active au neno limebadilika kuwa unreserved. Hapo bado una muda wa kuiokoa. Likiwa lost, ni pg_basebackup tena.