Maswali yenu: Tunaimba mbele, kusanyiko limenyamaza

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Naongoza timu ya sifa na kuabudu mwaka wa pili sasa, tuko waimbaji sita, kibodi, gita la besi na dramu. Mazoezi tunafanya kweli na vyombo viko vizuri tu, ila tukianza kuimba watu wanatuangalia. Wimbo wa kwanza wanapiga makofi, wa pili wamekunja mikono, mpaka ifike tenzi ya zamani ndo unasikia kanisa zima linaitika. Tumefunga, tumeomba, hali ni ileile. Tunakosea wapi?

JIBU: Asifiwe sana mtumishi. Kuomba msiache, ila hapo kwenye tenzi umeshajijibu mwenyewe. Watu haohao, asubuhi hiyohiyo, mioyo yao ileile, wanaimba. Kwa hiyo sio kwamba wamepoa kiroho, ni kwamba zile nyimbo nyingine hawaziwezi, na hapa naanza na kitu ambacho timu nyingi hata hazikifikirii, yani kii, ile noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, inayoamua wimbo unapanda na kushuka mpaka wapi.

Mnasikiliza wimbo uliorekodiwa, mnaupenda, mnaupiga kwenye kii ileile ya kwenye rekodi. Sasa yule aliyerekodi ni mwimbaji mwenye koo lililozoezwa miaka, alichagua kii inayoonyesha sauti yake inapopanda, wala hakuwa anafikiria mzee wa kiti cha nyuma ambaye hajaimba tangu Jumapili iliyopita. Noti zinaitwa kwa herufi, A mpaka G, kisha zinarudia A ya juu zaidi, na umbali huo wa A mpaka A ndo oktavu. Mtu wa kawaida asubuhi anakuwa huru kuanzia kwenye A hivi, apite A inayofuata mpaka D iliyo juu yake, wanaume na wanawake wakiwa wamepishana oktavu moja. Ukimpeleka E kwa muda mfupi atakufuata, ukimweka kwenye F na G kiitikio kizima ananyamaza, na akinyamaza mara tatu amezoea kunyamaza.

Kwa hiyo kabla ya mazoezi chukua kila wimbo utafute noti yake ya juu kabisa kwenye kibodi. Tuseme wimbo uko kii ya C na unapanda mpaka F, ushushe nusu hatua tatu (vibao vitatu vya kibodi, vyeupe na vyeusi ukivihesabu vyote) uwe A, ile F inakuwa D na kanisa linafika. Kibodi nyingi zina kitufe cha kupandisha na kushusha kii, mpigaji hana hata haja ya kujifunza upya, japo akijifunza ni bora maana siku mkibadilishiwa kibodi atakwama. Wa besi yeye itabidi ahame mwenyewe, mpe taarifa mapema sio dakika ya mwisho. Kuna nyimbo ukizishusha juu kunakuwa sawa ila ubeti unazama mpaka wanawake wanaishia kunong'ona, hizo zina nafasi pana mno kwa kusanyiko, mwacheni mtu mmoja aziimbe kama wimbo maalumu, sio kila wimbo mzuri ni wa watu wote kuimba pamoja.

Na najua waimbaji wako watalalamika kwamba kii ikishuka wimbo unapoa. Utapoa kwao, kwenye maiki. Kwa waliokaa chini ndo unaanza.

Jambo la pili ni wimbo mpya. Mkileta viwili vipya kila wiki hakuna anayejua chochote. Leteni mmoja, uimbeni wiki tatu nne mfululizo hata kama nyie mmeuchoka, maana nyie mmeuimba mara ishirini kwenye mazoezi na yule mama ameusikia mara moja tu, tena aliwahi nusu yake. Uzungusheni na zile wanazozijua.

Halafu spika. Mtu asipojisikia anavyoimba anaacha kuimba, na asipomsikia jirani yake anajiona yuko peke yake. Kawaida inaanza hivi, mwimbaji hajisikii anaomba aongezwe, dramu naye anapiga kwa nguvu zaidi, gita linapanda, mpaka fundi mitambo amefika mwisho na spika zinapiga mluzi. Dawa ni kushusha vyombo kwanza, kisha ile spika ya kusikilizia ya waimbaji iwekwe mbele yao ikiwaelekea wao, yani iwe upande wa mkia wa maiki, maana maiki nyingi za mkononi nyuma yake hazisikii sana, mluzi unatokea maiki ikisikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika na kuirudisha tena na tena. Na hili la ukubwa wa sauti sio la ladha peke yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango cha kumbi za muziki, wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15, na hicho ni kikomo cha juu kabisa jamani, kwa masikio ya mtu mzima wanasema desibeli 80 kwa masaa 40 ya wiki, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatwa nusu. Ukiwa 100 umebakiwa na dakika 20 tu wiki nzima. Kuna programu za simu za kupima, sio sahihi kabisa ila zitakupa picha, kasimame nazo kwenye viti vya katikati wakati wengine wanaimba.

Mwaka 1761 mhubiri John Wesley aliweka maelekezo ya kuimba kwenye kitabu cha nyimbo, akataka waimbe wote, mtu asipaaze mpaka kuwazidi wenzake, waende pamoja bila kutangulia wala kubaki nyuma. Aliwaandikia waumini wa kawaida, na mpaka leo hiyo ndo kazi mnayowaongoza kuifanya. Jumapili ijayo kwenye kiitikio cha mwisho vyombo vyote vinyamaze, dramu pia, na nyie msogeze maiki pembeni. Mtasikia mko wapi.

SWALI: Shikamoo mama. Kwenye timu yetu kuna kaka mmoja ametumika miaka mingi, ana moyo kuliko sisi wote, anawahi, anabeba mpaka spika. Ila anatoka nje ya sauti na watu wanageuka kumtazama. Kiongozi wetu ameamua kila Jumapili maiki yake izimwe kwenye mixa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti za maiki na vyombo, bila yeye kujua. Mimi ndo nakaa kwenye mixa na roho inanisuta. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Inakusuta kwa sababu ni uongo, tena uongo unaorudiwa kila wiki ibadani, na siku atakapogundua (atagundua tu, mtu atarekodi ibada na simu) hamtampoteza kwenye timu peke yake, mtampoteza kanisani. Mwambie kiongozi wako kwa heshima, mkiwa wawili, kwamba hutazima tena bila kaka yule kuambiwa.

Sasa kabla ya kumwambia kaka kwamba hawezi, ulizeni kama kuna mtu amewahi kumfundisha. Soma 1 Nyakati 25, waimbaji wa hekaluni wanahesabiwa 288 na imeandikwa wazi kwamba walifundishwa, halafu kura za zamu zikapigwa mwalimu na mwanafunzi sawasawa. Kumbe wanafunzi walikuwemo kwenye zamu. Nimefundisha waimbaji muda mrefu na wengi wanaoitwa hawana sauti tatizo lao lilikuwa dogo. Je, nani anamfundisha sauti yake? Kama ni dada, huenda yule kaka anahangaika kuitafuta noti ilipo kwenye koo lake kwa sababu ya oktavu, mpeni mwanaume mwenzake amwimbie noti moja, aishike, aifuate. Je, amepangwa teno, sauti ya juu ya wanaume, wakati koo lake ni la besi, sauti ya chini? Akilazimisha juu lazima atoke. Na je, anajisikia pale mbele? Mrekodi kwenye simu akiimba peke yake mstari mmoja, asikilize mwenyewe, arudie. Dakika kumi kabla ya kila mazoezi, miezi miwili.

Kama miezi miwili ikiisha hakuna mabadiliko basi kiongozi amwambie mwenyewe, uso kwa uso, sio kwa meseji na sio mbele ya watu, amwambie ukweli wote na amshukuru kwa kazi aliyofanya kweli. Ataumia. Msikimbilie kumpa cheo cha kumfariji, mpeni muda, kisha kama anapenda vyombo kaa naye kwenye mixa umfundishe. Anayewahi hivyo na kubeba spika bila kuombwa mitambo inamfaa.

SWALI: Mama naomba kifupi, sauti imekauka tangu jana na Jumapili naongoza mimi. Ninywe nini?

JIBU: Maji, mdogo wangu, kidogokidogo kutwa nzima, kuanzia sasa na sio dakika tano kabla ya kupanda, maana maji hayapiti kwenye nyuzi za sauti, yanashuka tumboni na mwili ndo unazilainisha taratibu. Mvuke wa maji ya moto unasaidia. Usikohoekohoe kusafisha koo, na usinong'one ukidhani unapumzisha, nyamaza kabisa. Sauti ikirudi, anza kwa kutetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, panda na kushuka polepole, ukisikia maumivu acha. Sauti ikikaa hivyo zaidi ya wiki tatu muone daktari.

Na Jumapili hii usilazimishe, mpe mwenzako aongoze. Wewe kakae katikati ya waumini, usiimbe, sikiliza tu ni sehemu gani ya wimbo wanaachia njiani, uiandike, uje nayo kwenye mazoezi.