Maswali Yenu: Maumivu Si Kiingilio cha Kuendesha Baiskeli

Karibu barua zote zilizonifikia mwezi huu zimetoka kwa watu wazima walioanza kuendesha baiskeli ya barabarani kwa burudani na afya, wala si kwa mashindano, na karibu zote zinalalamikia maumivu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu shida anayoieleza mwandishi wake ndiyo inayowafanya wengi waitundike baiskeli ukutani kabla hata hawajaionja raha yake.

Ndugu mwandishi wa safu, nina umri wa miaka 43. Miezi miwili iliyopita nilinunua baiskeli ya barabarani iliyokwisha kutumika, yenye usukani uliopinda kuelekea chini, na kila Jumamosi asubuhi hutoka na wenzangu watatu. Nikishapita kilomita 15, makalio huniuma hadi nalazimika kusimama juu ya pedali kila baada ya dakika chache. Nilinunua kifuniko laini cha jeli nikakivisha kiti, lakini sasa maumivu yamehamia mbele na ngozi imeanza kuchubuka. Wenzangu wananiambia nivumilie, mwili utazoea. Je, ni kweli, au ninunue kiti kingine?

Dada yangu, pole sana, na ninakushukuru kwa kuandika waziwazi juu ya jambo ambalo wengi hulionea haya. Wenzako wamesema nusu ya ukweli. Mwili huzoea maumivu ya aina moja tu, yaani ule uchovu butu unaosikika kwenye mifupa miwili ya kukalia iliyo chini ya nyonga, na huo hupungua katika wiki mbili au tatu kwa mtu anayeendesha mara kwa mara kwa muda mfupi. Mara moja kwa wiki haitoshi kuuzoeza mwili; ungefaidika zaidi na safari tatu za nusu saa kuliko Jumamosi moja ndefu. Ama kuchubuka kwa ngozi, ganzi, na maumivu ya sehemu laini za mbele, hayo hayazoeleki wala hayapaswi kuzoelewa, kwa sababu ni dalili kwamba kuna kitu kimekaa vibaya.

Kabla hujatoa fedha yoyote, pima urefu wa kiti. Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino juu ya pedali, kisha uisukume mpaka ifike chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinamia upande huo, na ukishaweka pedali chini ya sehemu pana ya wayo, kama inavyotakiwa wakati wa kuendesha, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia kila unapokanyaga, na kuyumba huko ndiko kunakosugua ngozi hadi ikachubuka. Kikiwa chini mno, miguu haibebi sehemu yake ya uzito, mzigo wote ukaangukia makalio, na magoti nayo huanza kuuma kwa mbele. Rekebisha kwa milimita tatu hadi tano kila mara, kisha endesha safari mbili kabla ya kurekebisha tena, na usivute nguzo ya kiti kupita alama iliyochorwa kuonyesha mwisho wake. Baada ya hapo tazama mlalo wa kiti: weka ubao ulionyooka au kitabu kikubwa juu yake, uone kama kimelala sawa. Pua ya kiti ikiinuka kidogo tu inatosha kuleta maumivu ya mbele unayoyaeleza.

Sasa kile kifuniko cha jeli kiondoe. Najua kimenunuliwa kwa nia njema, na mkono ukikibonyeza dukani kinaahidi raha, lakini ulaini mwingi hufanya kinyume cha tunavyodhani. Mifupa ya kukalia huzama ndani ya jeli, nayo jeli hupanda katikati na kukandamiza nyama laini na mishipa isiyoumbwa kubeba uzito. Tena kifuniko huteleza juu ya kiti, kikaongeza msuguano pale pale ambapo ngozi imekwisha kuumia. Kiti kizuri cha safari ndefu huwa kigumu kiasi, na kinachokifanya kiufae mwili wako ni upana wake. Unaweza kujipima nyumbani: weka kipande cha boksi juu ya kiti kigumu, kalia, inama mbele kama uko kwenye baiskeli, halafu upime umbali kati ya vitovu vya mashimo mawili yatakayobaki. Kiti cha baiskeli kinapaswa kuzidi kipimo hicho kwa sentimita mbili hivi, ili mifupa ikae juu yake pasipo kuning'inia pembeni. Kwa wastani mifupa hiyo kwa wanawake imeachana zaidi kuliko kwa wanaume, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kiti ulichokikuta kwenye baiskeli yako kilichaguliwa kwa ajili ya mwili usio wako. Viti vyenye uwazi katikati huwasaidia wengi wenye maumivu ya mbele, ingawa wapo wachache ambao kingo za uwazi huo huwaumiza, na ndiyo maana ninashauri ununue mahali watakapokuruhusu kukijaribu na kukirudisha.

Hata hivyo, kama ungeniambia una fedha ya kitu kimoja tu, ningekutuma ukanunue kaptula yenye pedi kabla ya kiti. Hapo zamani waendesha baiskeli walivaa kaptula za sufu zilizoshonewa ndani kipande cha ngozi laini ya mnyama wa milimani anayefanana na mbuzi, ngozi ambayo ilikakamaa kila ikifuliwa, ikabidi ipakwe mafuta ili ilainike. Uzi unaovutika uliogunduliwa Marekani mwaka 1958 katika kampuni ya DuPont ulibadilisha mambo, na leo pedi ni sponji iliyofunikwa kitambaa kinachonyonya jasho, ikashonwa ndani ya kaptula inayoshika mwili bila kukunjamana. Katika kuchagua, usidanganywe na unene. Pedi nene lakini teketeke huishiwa nguvu baada ya saa moja, ilhali nyembamba iliyoshindiliwa vizuri hukubeba mpaka mwisho. Ijaribu ukiwa umeinama, kwa maana kaptula nzuri ya baiskeli huonekana inabana na kukaa ovyo mtu anaposimama wima, ikatulia mara anapoinama. Zile zenye mikanda ya mabegani hazina mpira wa kubana tumbo wala haziteremki, nami huzipenda zaidi, japokuwa nakiri kwamba kwa mwanamke huleta usumbufu anapohitaji kujisaidia njiani, isipokuwa zile zilizoundwa kufunguka nyuma.

Nisisitize jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia nilipoanza: kaptula hiyo huvaliwa bila chupi. Mishono ya chupi ikibanwa kati ya ngozi na pedi huwa kama kamba inayosaga, na pamba yake hushika jasho ikabaki imelowa. Nilikaa karibu mwaka mzima nikivaa chupi ndani, nikilaumu kiti kisicho na kosa. Kwa kuwa inagusa ngozi moja kwa moja, kaptula ifuliwe kila baada ya safari, igeuzwe ndani nje na ianikwe juani, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba nyuzi zisinyonye jasho. Nunua mbili ikiwezekana. Ukifika nyumbani ivue mara moja na uoge, kwa sababu vipele vingi huota wakati mtu anapokaa na nguo iliyolowa akisimulia safari. Mafuta maalumu ya kuzuia msuguano husaidia, lakini kwa sasa acha kwanza ngozi ipone kabisa kabla ya kupanda tena. Ganzi ikibaki hata baada ya kushuka, au kidonda kikitunga usaha, nenda kwa daktari.

Shikamoo mwandishi? Hapana, nadhani ni wewe utakayeniamkia, maana nimetimiza miaka 61. Nimestaafu, na daktari wangu amenishauri niendeshe baiskeli. Miguu iko sawa, kifua kiko sawa, lakini baada ya nusu saa kidole cha mwisho na kile cha pete hufa ganzi katika mikono yote miwili. Je, glavu zitanisaidia?

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kuanza. Vidole hivyo viwili ulivyovitaja vinaonyesha kwa usahihi chanzo cha tatizo. Upande wa kidole cha mwisho, chini ya kiganja, hupita mshipa wa fahamu unaovihudumia vidole hivyo, nao hauna nyama nyingi ya kuulinda. Uzito wa kifua ukilalia hapo kwa muda mrefu, mshipa hukandamizwa. Glavu zenye kipande cha jeli mahali hapo zitasaidia, na zina faida nyingine kubwa zaidi, kwamba mtu akianguka hutanguliza viganja. Lakini zitapunguza dalili tu ikiwa sababu itabaki.

Sababu ni uzito kupita kiasi mikononi. Angalia kama pua ya kiti imeinama mbele, maana hapo utakuwa unateleza kuelekea usukani na kujizuia kwa mikono safari nzima. Kisha angalia umbali: ukishika juu ya vishikio vya breki, viwiko vinapaswa kukunjika kidogo na mabega yalegee. Ikiwa mikono imenyooka kama fimbo, usukani uko mbali mno au chini mno kwako, na fundi anaweza kuuinua au kukuwekea kile kipande kinachoushika usukani kilicho kifupi zaidi. Pasiwe na aibu yoyote kuinua usukani. Mgongo wa miaka 61 hauna deni kwa picha za wanamashindano. Ukiwa barabarani, badilisha mshiko kila baada ya dakika chache, mara juu, mara kwenye vishikio vya breki, mara chini, na usikunje kifundo cha mkono.

Tazama pia upepo wa matairi, maana mtikisiko wa barabara huanzia hapo. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho hupaswi kukivuka, na wengi huisoma kana kwamba ni kiwango wanachoagizwa kujaza. Tairi lililojazwa hadi kikomo hurukaruka juu ya kila kokoto, na kuruka huko hupoteza mwendo badala ya kuuongeza, ndiyo maana hata wanamashindano wameacha matairi yenye upana wa milimita 23 wakahamia 28 na zaidi. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye matairi ya milimita 28, ningeanzia bari 5 (bari ni kipimo cha upepo wa tairi) nyuma na pungufu kidogo mbele, halafu nirekebishe kwa kuusikiliza mwili. Ganzi isipoisha ndani ya siku moja au mbili baada ya kushuka, mweleze daktari wako.

Ninapenda kuendesha lakini sipendi kuvaa nguo za kubana mbele za watu. Je, fulana ya pamba na suruali pana havitoshi?

Huna haja ya kuvunja heshima unayojiwekea. Zipo kaptula nyepesi zenye pedi zinazovaliwa ndani, na juu yake ukavaa kaptula au suruali uipendayo, mradi mguu wa kulia, ulio upande wa mnyororo, ufungwe kwa mkanda ili usinaswe. Fulana ya pamba inafaa kwa nusu saa. Kwa safari ndefu hulowa jasho, ikawa nzito, na unapoteremka mlima upepo hukupiga ukiwa umelowa ukapata baridi. Poliesta nyepesi au sufu laini hukauka upesi. Chagua rangi zinazoonekana kwa mbali, na ukiendesha gizani, vaa vitambaa vya kuakisi mwanga kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu mwendo wa kupanda na kushuka humjulisha dereva mara moja kwamba aliye mbele ni mtu anayekanyaga pedali.

Je, ni lazima ninunue viatu vinavyonasa kwenye pedali?

Si lazima. Mfumo wa kunasa kiatu wa kampuni ya LOOK wa mwaka 1984, ambao mwanamashindano Mfaransa Bernard Hinault aliutumia kushinda mbio kubwa za baiskeli za Tour de France mwaka 1985, uliundwa kwa ajili ya mashindano. Kwa miezi ya kwanza kiatu chenye soli ngumu kinatosha, maana soli laini hujikunja juu ya pedali na kuutia wayo moto. Vinunue jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Ukija kuvitamani vile vinavyonasa, jizoeze kuchomoa mguu ukiwa umeshika ukuta, mara nyingi sana, kabla ya kutoka barabarani.

Kaka yangu amenipa helmeti yake nzuri. Aliwahi kuanguka nayo, lakini haina ufa wowote. Naweza kuitumia?

Usiitumie, mdogo wangu. Helmeti hukuokoa kwa povu lake gumu kujibonyeza na kumeza nguvu ya pigo, na povu lililokwisha kubonyea halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Mshukuru kaka yako, kisha utafute mpya yenye alama ya kiwango kinachotambulika, kama EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Ikae sawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya masikio, na chini ya kidevu ibaki nafasi ya kupitisha kidole kimoja au viwili. Tikisa kichwa kabla ya kufunga mkanda. Ikihama, ukubwa wake haukufai.