Jibu: Dramu za umeme za kuanzia, mfuko mdogo na jirani wa chini

Ndugu yangu, umesema unakaa ghorofa ya tatu, unapiga kanisani Jumapili, na unataka dramu za umeme za kufanyia mazoezi nyumbani kwa hela kidogo.

Angalia kwanza pedi, yaani sehemu unazopiga kwa fimbo, zimewambwa nini. Wavu hurudisha fimbo karibu kama ngozi halisi na kelele yake ni ndogo. Mpira ni mgumu, unachosha viwiko, na mlio wake unapenya mlango. Mimi ningeanza na Alesis Nitro Mesh: ina wavu, na pedali yake ya besi (dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu) ina nyundo, yaani kichwa kinachogonga pedi. Yamaha DTX402K ni imara na ina mazoezi mazuri ndani yake, ila pedi ni za mpira na pedali haina nyundo, hivyo ukirudi kwenye dramu za kanisani mguu utapotea. Idadi ya sauti isikubabaishe, utatumia seti tatu nne tu.

Tatizo la ghorofani ni mguu. Mtikisiko wa besi unashuka sakafuni hata ukivaa hedifoni. Panga mipira ya tenisi katikati ya mbao mbili pana, uweke dramu juu yake. Inasaidia sana.

Tenga pia hela ya kiti na hedifoni, mara nyingi havimo kwenye boksi. Ukinunua mtumba, nenda na hedifoni zako, piga kila pedi kwa mguso mwepesi kabisa, kisha tikisa nyaya. Pedi ikikaa kimya, usilipe.