Mdalasini, homoni na hedhi isiyokatika

Nikimwambia mtu kwamba natumia homoni kudhibiti hedhi, swali linalofuata huwa lile lile: "Mdalasini umejaribu?" Nimejaribu. Na tangawizi, na habasoda, na juisi ya choya, na unga wa mbegu za maboga aliouleta wifi yangu kutoka Korogwe. Vingine bado viko jikoni na sina mpango wa kuvitupa. Ila wanawake tunatakiwa tuchague upande, kana kwamba ni Simba na Yanga, ilhali kila kimoja kina kazi yake.

Kwanza jua unatoka damu kiasi gani. Mzunguko wa mtu mzima kwa kawaida ni siku 21 hadi 35, na damu haizidi siku 7. Ukilowanisha pedi nzima kila baada ya saa moja au mbili, ukalazimika kuamka usiku kubadilisha, ukaona mabonge makubwa kama sarafu ya shilingi 200, hiyo ni damu nyingi. Usikubali kuambiwa "ukoo wetu ndivyo tulivyo". Shangazi yangu aliishi na maneno hayo miaka mingi, mwisho altrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi.

Maana damu ya namna hii ni dalili yenye baba wengi: uvimbe, tezi ya shingo, damu isiyoganda vizuri tangu kuzaliwa, kitanzi cha shaba, sindano ya uzazi wa mpango, hata mimba inayoharibika. Ukishavuka miaka 45, daktari atataka pia kuchukua kinyama kidogo cha ukuta wa kizazi kuhakikisha hakuna saratani. Chai gani utakunywa kabla hujajua baba ni yupi?

Wangu alikuwa yai. Mwezi ambao yai halikupevuka, homoni ya progesteroni haitoki, ukuta wa kizazi unaendelea kunenepa kwa homoni nyingine, estrojeni, peke yake, kisha unabomoka vipande vipande bila ratiba. Ndiyo maana nilikaa miezi bila kuona siku zangu, halafu zikija hazikatiki. Daktari aliponichorea hilo kwenye karatasi nilielewa kwa nini alinipa norethisteroni: ni ndugu wa ile homoni niliyokosa. Damu ilikata. Nilipomaliza vidonge ikarudi baada ya siku chache, na hilo alikuwa amenitahadharisha, kwani ukuta ulionenepa lazima ushuke. Wengi hapo ndipo wanaposema dawa imeshindwa.

Tangawizi naisifu kwa maumivu, na zipo tafiti ndogo zinazoiunga mkono. Kupunguza wingi wa damu ni habari nyingine. Kwangu sikuona tofauti. Choya ni tamu, lakini nadhani sifa ya kuongeza damu imepewa na rangi yake. Kilichoniinua ni vidonge vya madini ya chuma, nilivyomeza kwa miezi, pamoja na maini, dagaa na maharage yaliyokamuliwa ndimu. Chai ya rangi niliisogeza mbali na mlo kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Pima kiwango cha damu mwilini (hemoglobini) hata kama unajiona mzima: chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu. Mimi nilikuwa na nane na kidogo, nikidhani ni uchovu wa kazi.

Vile vifurushi vya "kusafisha kizazi" vinavyowekwa ukeni, achana navyo kabisa. Kizazi hakina uchafu unaohitaji kufuliwa, na maambukizi utakayoyapata yatakugharimu kuliko hedhi yenyewe.

Nako kwenye homoni si shwari kwa kila mtu. Vidonge vya majira vyenye estrojeni nilinyimwa kwa sababu ya presha. Havimfai pia aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, wala mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Asiyetaka homoni aulizie asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza damu inayomezwa siku za damu tu. Wanaoogopa kwamba vidonge vinaua kizazi nawaambia uzazi hurudi ukiviacha. Sindano ndiyo huweza kuuchelewesha kwa miezi.

Mimi nimeishia kwenye kitanzi chenye homoni, ambacho si kile cha shaba. Kile huweza hata kuongeza damu. Hiki hutoa dawa kidogo kidogo humo humo kizazini na kuufanya ukuta uwe mwembamba. Si kila kituo kinacho, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda daladala. Na ukiwekewa, jiandae: miezi 3 hadi 6 ya mwanzo huwa ni matone matone ya kuudhi. Weka pedi nyembamba kwenye mkoba, usikimbilie kukitoa. Lakini damu ikijaza pedi kila saa mfululizo, au ukaona kizunguzungu na moyo kwenda mbio, hapo usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huo huo.